Mtoni au kwenye parseli? Wapi pa kulima mboga Lubumbashi

Mvua zikikatika mwishoni mwa Aprili, mama wengi wa Lubumbashi wanaanza kufikiria mboga za kiangazi zitatoka wapi. Mwaka huu swali limenifikia kwa simu. Mdogo wangu anayekaa Katuba, hapahapa mjini, ameonyeshwa kipande cha bonde kando ya mto. Mama mmoja aliyekilima kwa muda mrefu anakiacha kwa sababu ya mgongo. Wakati huohuo mdogo wangu ana nafasi nyuma ya nyumba yake, kati ya muembe na ukuta wa jirani, kama hatua kumi kwa sita. Nguvu zake zinatosha mahali pamoja tu. "Yaya," akaniuliza, "nikalime ku mto ao nibakie ku parseli?"

Nilimjibu harakaharaka, na baada ya kukata simu nikaona sikumtendea haki. Nimelima pande zote mbili: bondeni pamoja na mama tangu nikiwa mtoto wa shule, kisha kwangu nyumbani hadi leo. Kwa hiyo namjibu upya, taratibu, yeye na yeyote aliye na swali kama lake.

Uliza upepo, uliza mkondo

Kabla ya ukubwa wa kipande, kabla ya bei, kabla ya rangi ya udongo, katika mji huu kuna maswali mawili: upepo unatoka wapi, na maji yanatoka wapi.

Mji ulianza 1910 na tanuru ya kuyeyusha shaba ikawashwa 1911. Kwa miongo mingi moshi wake ulibeba salfa pamoja na vumbi la shaba, kobalti, zinki, risasi, kadimiamu na aseniki. Upepo wetu mkubwa unatoka kusini-mashariki, basi moshi ukawa unalala kaskazini-magharibi ya kiwanda, msimu baada ya msimu. Anayetaka kuona kazi yake aende Penga-Penga, upande huohuo wa moshi. Salfa iliua miti, mvua zikachukua udongo wa juu uliobaki bila mizizi, pakabaki ardhi iliyochunwa. Kilichorudi chenyewe ni kinyasi kifupi kama nywele za mtoto, wataalamu wanakiita Microchloa kunthii, kinachovumilia shaba pale mimea mingine inapokufa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekipanda kwa makusudi pamoja na chokaa na mboji ili kuufunika udongo ule usiendelee kupeperuka.

Sasa tazama mto. Mto Lubumbashi unashuka kuelekea Kafubu, kusini-mashariki; Kafubu inaingia Luapula, na Luapula inamwaga maji yake ziwa Mweru. Mto na upepo vinakwenda kinyume. Anayelima juu ya kiwanda, kule mto unakotoka, anapata maji ambayo hayajapita kiwandani, lakini udongo wake umelaliwa na moshi wa miaka mingi. Anayelima chini ya kiwanda, kule mto unakokwenda, udongo wake haukupigwa sana na moshi, lakini maji yanayofurika juu ya matuta yake yamepita kiwandani, yamepita na katika mitaro ya mji mzima. Hakuna upande wa mto huu unaoweza kusemwa "huku ni salama" kwa kuangalia tu. Kando ya vijito vingine, Naviundu au Kafubu yenyewe huko nje, maswali ni yaleyale ila majibu yanabadilika. Ruashi nako kuna mgodi, naye wa Ruashi lazima aulize.

Sisemi haya ili kumtisha mtu. Utafiti uliochapishwa 2009 ulipima mkojo wa wakazi wa kusini mwa Katanga, na kobalti iliyokutwa mwilini mwao ilikuwa ya juu kuliko iliyowahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida, wasiofanya kazi migodini. Walioishi karibu na migodi na viwanda walikuwa nayo zaidi. Kazi nyingine iliyofuata ilionyesha kwamba kwa watu wazima inaingia hasa kwa chakula, na kwa watoto vumbi nalo linachangia sana. Chakula maana yake ni pamoja na hizi mboga zetu. Ndiyo sababu nasema mahali pa kulima si jambo la urahisi peke yake.

Maji

Hapa bonde linashinda, nami sitaki kulipunguzia sifa. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua kwetu hakuna, au yanadondoka matone tu. Karibu mvua yote ya mwaka, milimita 1,200 hivi, inaanguka kati ya Oktoba na Aprili. Bondeni unachimba mita moja, pengine hata pungufu, maji yanakulaki. Mama alikuwa anashuka ngazi mbili za udongo alizozichonga mwenyewe, arozwari moja ya kumwagilia kila mkono, anazizamisha kwa pamoja, anapanda zikibubujika, na kabla jua halijatoka vizuri matuta saba yalikuwa yamelowa. Hakumlipa mtu hata faranga moja kwa maji yale.

Nyumbani ni hesabu nyingine. Matuta yanayoingia katika hatua kumi kwa sita, ukiacha njia na kivuli cha muembe, ni kama mita za mraba 20. Mwezi wa Septemba, jua likiwa kali, mboga za majani zinataka lita 5 hadi 8 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Jumla ni lita 100 hadi 160: bido, yaani madumu, tano hadi nane za lita 20, kila siku, Jumapili nayo. Kama bomba la kwako linatoa maji usiku wa manane mara mbili kwa wiki, au unanunua kwa jirani mwenye foraji, kile kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine, fanya hesabu hiyo kabla ya kununua mbegu. Mimi mwaka wangu wa kwanza sikuifanya. Nilipanda matuta manne, na katikati ya Agosti nikalazimika kuchagua mawili ya kuacha yafe. Ilinisumbua moyo kuona lengalenga, yaani mchicha, iliyofika magotini inainama.

Inawezekana kupunguza. Funika tuta kwa nyasi kavu, unene wa vidole vinne, na maji yanayopotea kwa jua yanapungua kabisa. Maji ya kuoshea mchele na mboga yarudi bustanini. Ya sabuni nyingi hapana. Mwagilia alfajiri, si saa sita. Kwa bidii hiyo mita za mraba 10 zinatunzika kiangazi kizima kwa bido tatu kwa siku, na mita 10 zikilimwa vizuri zinaipa familia ya watu sita mboga ya majani mara tatu au nne kwa wiki.

Mvua zikirudi, mizani inageuka. Desemba hadi Februari bonde linazama. Kisima na tuta vinakuwa kitu kimoja. Parseli ndipo inapopumua, maji ni ya bure kutoka mbinguni na kazi yako ni kutoa magugu tu. Mtu wa bonde analima kiangazi, mtu wa parseli anavuna zaidi wakati wa mvua. Wanaouza sokoni wanajua: bei ya fungu la mboga inapanda wakati ule ambao bonde peke yake ndilo lenye kijani.

Udongo

Wengi wanaona bonde ndilo lenye udongo mzuri, kwa kuwa ni mweusi na laini, na wa nyumbani ni mwekundu na mgumu. Kwa macho ni kweli. Weusi ule ni mboji, na mboji ni chakula cha mmea. Lakini mboji hiyohiyo inanasa metali na kuzihifadhi. Kila mto unapofurika unaacha tope, na tope linaacha kilichokuwa ndani yake.

Shaba ikizidi, mmea wenyewe unaweza kukuambia. Majani machanga yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Ukiung'oa mche unakuta mizizi mifupi, minene, isiyotawanyika. Kuna pia yale maua madogo ya rangi ya zambarau hafifu, Haumaniastrum katangense, ambayo watu wa madini huku Katanga wanayajua tangu zamani kama alama ya shaba ardhini. Ukiyakuta yameota yenyewe pembeni ya kipande ulichoonyeshwa, simama uulize. Risasi na kadimiamu hazina adabu hiyo. Mboga inanawiri, inapendeza sokoni, na hakuna jani linalokuonya. Hapo dawa ni kupima: chukua udongo sehemu tano au sita za kipande, kina cha kiganja, uchanganye, ukauke kivulini, uupeleke kwa wataalamu wa udongo. Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu kiko hapahapa mjini. Wakulima wa bonde moja wakichanga pamoja, mzigo unakuwa mwepesi.

Je, parseli ni safi? Si lazima. Vumbi linaanguka juu ya paa zote. Kuna ua uliojazwa skori, yale mawe meusi mazito ya tanuruni. Kuna mahali palipovunjiwa betri za gari, kuna kona ambapo takataka zimechomwa miaka kumi. Mtu asijidanganye kwa sababu ni kwake. Tofauti iko mahali pamoja, na kwangu ndiyo inayoamua: udongo wa parseli unaweza kuubadilisha ukabaki umebadilika. Wa bonde utaubadilisha, na mto utaurudisha ulivyokuwa mafuriko yajayo.

Kubadilisha si kuchimba na kutupa. Ni kuinua. Pigilia ardhi ya chini, zungusha matofali au mbao, jaza udongo mwingine kimo cha sentimita 30 hadi 40. Mizizi ya mboga nyingi inaishi humo. Na udongo wa kujaza tunao, kwa neema ya mchwa. Vile vichuguu vikubwa vya miombo, vingine vikipita paa la nyumba, udongo wake una kalsiamu zaidi na uchachu kidogo kuliko udongo wetu mwekundu wa kawaida. Wapiga matofali wanaujua siku nyingi. Kwa mkulima faida yake ni mbili: unalisha, na kwa kuwa uchachu umepungua, metali nyingi zinatulia ardhini badala ya kupanda kwenye mmea. Chokaa inafanya kazi hiyohiyo, ila inanunuliwa. Shida ya kichuguu ni kwamba kinashikana kama udongo wa chungu; peke yake kitakaba mizizi. Mimi nachanganya ndoo mbili za kichuguu, moja ya mboji iliyoiva, moja ya mchanga. Na nakichukua upande usiopigwa na moshi, napara kwanza tabaka la juu kina cha kiganja, kwa idhini ya mwenye shamba.

Asiye na mita hata tano achukue gunia. Nieleze kwa makini, maana wengi wanalikosea na kusema halifai. Tafuta gunia la kilo 100 na kopo kubwa la maziwa lisilo na kitako. Weka kopo katikati ya gunia chini, lijaze kokoto, kisha jaza udongo kuzunguka kopo hadi usawa wake. Vuta kopo juu polepole. Kokoto zinabaki zimesimama kama nguzo. Jaza tena kokoto, jaza tena udongo, vuta tena, hadi juu. Nguzo ile ndiyo njia ya maji. Bila hiyo maji yanaishia juu na miche ya chini inakauka. Toboa matundu ubavuni kwa kupishanisha, upana wa kiganja kimoja hadi kingine, ingiza miche ya shu ya Shine (kabichi ya Kichina) au lengalenga ikiwa na majani manne. Juu panda kitunguu. Gunia moja linabeba miche 30 bila kugombana.

Kipi kipandwe wapi

Metali hazigawanyiki sawasawa ndani ya mmea. Mboga za majani zinavuta kadimiamu kuliko nyingine, na lengalenga, tunayoipenda sana na bukari, ugali wetu, iko mbele. Nyanya, biringanya, maharage na punje za mahindi zinapeleka kidogo kwenye sehemu tunayokula. Mizizi kama karoti inashinda ndani ya udongo wenyewe, kwa hiyo ganda lake litoke lote. Mwenye pande zote mbili basi afanye hivi: majani nyumbani kwenye udongo alioutengeneza, nyanya na mahindi bondeni. Sio dawa kamili, lakini inapunguza.

Risasi yenyewe mara nyingi haipandi kupitia mizizi. Inakaa juu ya jani kama vumbi. Siku moja nililitia fungu la lengalenga la sokoni katika beseni jeupe, nikaliacha bila kuligusa nusu saa. Nilipolitoa, chini ya beseni palikuwa na duara jembamba la kijivu, laini kama unga wa makala ya kupikia. Nililigusa kwa kidole likaacha alama. Tangu hapo kwangu mboga zinaoshwa maji matatu, ya mwisho yakiwa masafi kabisa, hata zile zilizotoka uani kwangu. Na watoto wananawa mikono wakitoka kucheza chini, maana vumbi la ua ni lilelile.

Mambo mengine ya bonde yanajulikana na sitayarefusha: maji ya kutuama yana konokono wa kichocho, basi vaa buti; visima vilivyoachwa wazi vinazaa mbu; mtaro wa vyoo ukimwaga juu yako, usimwagilie maji hayo mboga za kuliwa mbichi. Wenzetu wa Dar es Salaam wamesumbuka na mboga za bonde la Msimbazi kwa sababu zinazofanana na hizi. Mavi ya kuku yaive kwanza kwenye mboji, pande zote mbili. Wezi wapo bondeni usiku, nyumbani kuna kuku wa jirani.

Karatasi

Kwa sheria ya 1973 ardhi yote ya Kongo ni ya Serikali. Raia anapata haki ya kuitumia. Mwenye parseli kwa kawaida ana hati ya aina fulani mkononi. Kipande cha bonde mara nyingi kinapita kwa mdomo, kutoka kwa mama huyu kwenda kwa dada yule, na siku mtu akija na ramani ya kujenga hakuna wa kumtetea mkulima. Kwa hiyo bondeni panda kinachovunwa ndani ya miezi mitatu. Parachichi, ndimu, muembe, hivyo vipandwe penye karatasi.

Hata hivyo nisieleweke kwamba nawadharau watu wa bonde. Mji huu unalishwa nao. Kuanzia 2000 FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, kwa fedha za Ubelgiji, ilisaidia kilimo cha mboga cha mijini hapa Lubumbashi, kama ilivyofanya Kinshasa, Likasi, Kisangani na Mbanza-Ngungu, na ilikuwa kwa sababu mboga za mji zilikuwa tayari zinatoka kwenye mikono hiyo. Ada za shule zetu sote tuliozaliwa nyumbani kwa mama zilitoka ndani ya matuta saba.

Hatua kumi za mwisho

Kuna ulinganisho mwingine ndani ya huu, na ndio unaoniuma zaidi. Kipande alichoonyeshwa mdogo wangu kinafika hadi majini. Zile hatua kumi za mwisho, alime au aache?

Karibu wote wanalima hadi ukingoni, kwa sababu ndipo penye unyevu. Wanafyeka matete, wanayachoma, wanapanda. Kiangazi chote panapendeza. Kisha mvua kubwa za kwanza zinakuja na udongo usio na mizizi ya kudumu unaondoka. Mwaka ambao nilikuwa darasa la sita, usiku mmoja wa mvua tulipoteza matuta mawili ya chini pamoja na zile ngazi za kisima. Asubuhi mama alisimama pale ambapo tuta lilikuwa linaanzia, mbele yake ukuta wa udongo uliokatika wima, na maji ya rangi ya kahawa yakipita chini ya miguu yake. Jirani yetu wa upande wa juu hakupoteza chochote. Alikuwa amebakiza matete, kwa uvivu, watu walisema. Tangu siku ile sikuuita uvivu.

Matete yakiachwa yanafanya kazi ambayo hakuna mkulima anayeweza kuilipia. Yanapunguza mbio za maji ya mafuriko hata tope litulie kabla halijafika kwenye matuta. Yanazuia samadi yako isiende mtoni. Yanashika ukingo. Mnana wanarudi kufuma viota juu yake, na vyura, ambao ni wawindaji wakubwa wa wadudu wa usiku, wanapata pa kukaa mchana. Miombo iliyokuwa imeuzunguka mji imekwenda kwenye makala ya kupikia, na ninaposikia watu wanasema mji wetu urudishiwe kijani, naona mahali rahisi pa kuanzia ni ukanda huu wa ukingo, kwa sababu mbegu bado zimo ndani ya tope na maji yapo. Unahitaji tu kuacha kufyeka.

Palipokwisha kuwa patupu, panda nyasi za vetiva. Gawanya kichaka katika vipande vya machipukizi mawili au matatu, vipange kwa mstari unaokata mteremko, kipande hadi kipande sentimita 10 hadi 15, mwanzoni mwa mvua. Mizizi yake inashuka wima, inaweza kufika mita tatu, na haitambai kuingia kwenye matuta yako. Majani yakikatwa ndiyo yale ya kufunikia tuta kiangazi. Nyuma ya mstari huo weka miti michache ya asili inayopenda maji, ile ya jamii ya mzambarau inayoota yenyewe kando ya mito yetu. Mikalitusi hapana, inakua haraka lakini inakunywa maji ya kisima chako.

Gharama ipo. Kipande chenye urefu wa hatua 25 kikitoa kumi, mama amepoteza karibu nusu ya mboga zake, na hizo ni faranga za mchana na za jioni. Anayesema "acheni ukingo" bila kutaja hasara hiyo hajawahi kuuza mafungu. Mimi ningesema hatua tano, wote wa bonde moja kwa pamoja, matete yavunwe kwa zamu kwa mikono, bila moto, yauzwe kwa wafuma mikeka na wajenga nyua. Mmoja akiacha na jirani akafyeka, mto unapita pale palipo dhaifu.

Basi, mdogo wangu

Baki ku parseli.

Kipande kile kiko chini ya kiwanda na chini ya mtaro mkubwa. Hakijapimwa, hakina karatasi, na wewe una watoto watatu wadogo watakaokula majani yake kila siku. Shida yako ya nyumbani ni maji, nayo inapimika kwa bido. Anza na mita 10, si 20, na magunia manne upande wa jua. Ungekuwa unaishi kwa kuuza sokoni ningekujibu tofauti: mita 10 hazimlipi mtu, ningekwambia tafuta bonde mbali na kiwanda, ukapime udongo kabla ya kupiga jembe la kwanza. Na aliye na kisima chake nyumbani hana hata sababu ya kujiuliza.

Ila mama yule anayeacha kipande, mwendee kabla hajakikabidhi kwa mwingine. Mwombe upande zile hatua tano za ukingo mvua za kwanza zikinyesha. Vichaka vya vetiva ninavyo kumi na viwili nyuma ya jiko, vikigawanywa vinatosha mstari wa mita 15 na zaidi. Jumamosi nakuja na mkokoteni kwa ajili ya udongo wa kichuguu. Utafute ndoo mbili na kopo moja la maziwa, na usilitoboe bado, kitako chake nitakitoa mwenyewe.